Siku moja ya baiskeli na hema pwani: maji kwanza, upepo pili, kilomita baadaye

#1 Gurudumu la Nyuma

Wakuu, habari za leo. Wiki iliyopita nilitoka na baiskeli na hema, mchana mmoja wa kufuata pwani na usiku mmoja wa kulala huko huko. Jumla kilomita 74. Naileta kwa urefu kidogo kwa sababu kila anayeniuliza habari za safari hizi huanza na swali lile lile: "Kwa siku unapiga kilomita ngapi?" Bara, swali hilo linatosha kukupangia siku. Pwani, kwangu mimi, ni swali la tatu. La kwanza ni maji yanakupwa saa ngapi, la pili ni upepo unaamka saa ngapi. Ukishajibu hayo mawili, kilomita utazijua bila kuumiza kichwa.

Niliamka saa 10 alfajiri, na saa 11 na robo nilikuwa barabarani, taa mbele na nyuma. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko bahari, kwa hiyo alfajiri hewa ama imetulia, ama inateremka taratibu kutoka bara kwenda majini. Jua likipanda mambo yanageuka. Ardhi inapata moto kabla ya maji, hewa yake inapaa, na ile ya baharini inaingia kushika nafasi. Siku ya jua kali utaanza kuusikia upepo huo kabla ya adhuhuri, utakomaa saa 8 hadi saa 10 alasiri, kisha utalala pamoja na jua.

Mwenye baiskeli tupu anaweza kuupuuza. Mwenye mikoba ya pembeni hawezi, kwa sababu mikoba ile ni tanga. Na ukija usoni ndiyo balaa: ukienda kilomita 20 kwa saa kwenye hewa tulivu, kisha ukakutana na upepo wa kilomita 20 kwa saa unaokuja mbele yako, mwili unapambana na hewa ya 40. Nguvu ya kukurudisha nyuma haiwi mara 2, inakuwa mara 4. Ndiyo maana saa 3 asubuhi nilikuwa nimeshamaliza kilomita 45 na miguu bado mizima, halafu 20 za mwisho alasiri zikanila kuliko hizo 45 zote.

Katikati palikuwa na kipande cha kilomita 9 kisicho na barabara, ufukwe mtupu. Hapo ndipo maji yanapotawala. Siku ile yalikupwa kabisa saa 6 na dakika 20 mchana. Nilishuka mchangani saa 5 kamili, nikatoka upande wa pili saa 6 na robo. Mchanga unaobeba baiskeli ni ule ulioachwa na maji muda si mrefu: una unyevu, lakini hauna maji yanayotiririka juu yake. Maji kidogo kati ya chembe huzishikanisha, na tairi linapita kama kwenye sakafu. Mchanga mkavu chembe zake zinakimbiana, gurudumu la mbele linazama na usukani unakupokonya. Ule uliolowa chepechepe nao unayeyuka chini yako. Kwa hiyo unatafuta ukanda wa katikati, na ukanda huo hauko mahali pamoja, unahama kila nusu saa.

Kabla ya kushuka nilitoa upepo matairini, karibu nusu ya ule wa barabarani. Matairi yangu ni mapana kiasi, milimita 50. Mwenye matairi membamba ya lami asijaribu, atasukuma kilomita zote 9.

Kambi niliipiga saa 10 jioni na hili ndilo ninalotaka tulijadili zaidi. Usitafute mahali pazuri. Tafuta mstari. Kila maji yakijaa huacha ukingoni mwani, vijiti na takataka. Ukitazama vizuri utaona mistari miwili: wa chini wenye mwani ambao bado una unyevu, ni wa jana au leo, na wa juu, mwani wake umekauka unavunjika mkononi. Huo wa juu ni wa bamvu lililopita, yaani yale maji makubwa ya mwezi mwandamo au mpevu. Mimi hulala juu ya mstari wa juu, na naongeza nafasi.

Vigingi vya kawaida mchangani ni kujidanganya. Nina mifuko minne ya kitambaa. Naijaza mchanga, nafunga kamba ya hema katikati ya mfuko, nauzika kwenye shimo la urefu wa mkono hadi kiwiko, nakanyagia. Upepo ulivuma mpaka jua likazama na hema halikutikisika.

Usiku nilikaa nje mpaka nyota zikajaa. Sina namna ya kuelezea sauti ya maji yanayorudi wakati umechoka na umeshiba. Naupenda usiku ule kuliko zawadi yoyote niliyowahi kupewa.

Karibuni, maswali na masahihisho.

#2 Dada Pedali

Asante kaka kwa maelezo. Mimi nina baiskeli ya kawaida, gia 7, keria ya nyuma, na hema la watu wawili ambalo sijawahi kulitoa kwenye mfuko wake. Nina maswali.

Ratiba ya maji naisomaje? Nimeifungua mara moja, nikaona namba nyingi nikafunga. Halafu mchana ule wote ulibeba maji ya kunywa kiasi gani? Na je, lazima kilomita 74? Nahisi mimi 40 zinanitosha.

#3 Mkongwe wa Keria

Uzi mzuri, ila hapo kwenye kilomita 9 za ufukweni nakupinga, na nakupinga kwa nguvu.

Nimetengeneza baiskeli miaka mingi. Baiskeli ikiletwa kwangu najua imetembea wapi kabla mwenyewe hajafungua mdomo. Ya ufukweni mnyororo wake una rangi ya chungwa, spoku zina madoa pale zinapoingia kwenye rimu, na bolti za keria ukizigusa na spana vichwa vinavunjika. Hata hizo siyo shida kubwa, zinabadilishwa. Shida ni nguzo ya kiti ya aluminiamu ndani ya fremu ya chuma. Metali mbili tofauti zikigusana na katikati kukawa na maji ya chumvi, moja inaanza kuliwa. Unga wa kutu ya aluminiamu unachukua nafasi kubwa kuliko aluminiamu iliyoliwa, kwa hiyo nguzo inavimba ndani ya bomba na haitoki tena. Nimeshuhudia fremu nzima ikikatwa kwa sababu hiyo.

Kama mtu hana budi kupita mchangani, basi asipite kwenye maji hata ya kifundo cha mguu. Watu wanapenda kuchapa mawimbi yale membamba, picha zinatoka nzuri. Maji yale yanaingia kwenye kitovu cha gurudumu na kwenye beringi za pedali, na hayatoki.

Kabla ya safari: vua nguzo ya kiti, paka grisi, rudisha. Bolti zote za keria vivyo hivyo. Baada ya safari: maji baridi ya kawaida, mengi, ya kumwaga. Si ya pampu yenye nguvu, maana hiyo inasukuma chumvi ndani ya beringi. Futa, kausha, kisha mafuta kwenye mnyororo. Siku hiyo hiyo. Ukisema utafanya kesho, kesho utakuta mnyororo umeshaanza kubadilika rangi.

#4 Gurudumu la Nyuma

Mkongwe, heshima yako. Kwenye maji ya kifundo nakubaliana nawe kabisa na nilipaswa kuandika. Kwenye kupita ufukweni siwezi kuacha, ila kuosha siku hiyo hiyo ni sharti ambalo silivunji. Nilibeba chupa ya lita moja na nusu ya maji ya kuosha tu: mnyororo, gia na breki, pale pale kambini.

Dada Pedali, ratiba ni nyepesi kuliko inavyoonekana. Kila siku ina mistari 4 kwa sehemu nyingi: maji kujaa mara 2, kukupwa mara 2. Kati ya kujaa na kujaa kunakofuata ni saa 12 na dakika 25 hivi, kwa hiyo kila siku saa zinasogea mbele kama dakika 50. Ukijua za leo, za keshokutwa unazikisia kichwani. Namba ya pili kwenye kila mstari ni kimo cha maji. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, kimo cha kujaa kinakuwa kikubwa na cha kukupwa kidogo: hilo ni bamvu. Mwezi ukiwa nusu, tofauti inapungua: maji mafu. Kwa kupita ufukweni bamvu linakupa uwanja mpana maji yakikupwa. Kwa kulala, bamvu ndilo linalokunyima uwanja.

Kuna kanuni ya wavuvi na mabaharia ninayoitumia kila mara. Gawa tofauti ya kimo kati ya kukupwa na kujaa sehemu 12. Saa ya kwanza baada ya kukupwa inapanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Maana yake, saa ya kwanza utadhani una muda wote duniani. Saa ya tatu na ya nne pekee zinaleta nusu ya maji yote. Anayesubiri mpaka aone maji yanakuja amechelewa.

Mambo mawili ya kuangalia. Ratiba imeandikwa kwa bandari fulani, na mahali ulipo wewe panaweza kutangulia au kuchelewa. Pili, ratiba inahesabu mwezi na jua, haihesabu hali ya hewa. Kanieneo ya hewa ikishuka kwa hektopaskali 1, bahari inanyanyuka kama sentimita 1, na upepo mkali unaosukuma maji ufukweni unaongeza juu yake. Siku za dhoruba mstari wa mwani haukusaidii, ondoka pwani.

Maji ya kunywa: kwenye joto nahesabu nusu lita hadi lita moja kwa kila saa ya kupiga pedali. Niliondoka na lita 5, nikajaza njiani mara moja kabla ya ule ufukwe. Na kilomita 40 zinatosha sana, dada. Ukiondoka alfajiri utazimaliza kabla upepo haujaamka, halafu mchana mzima ni wako.

#5 Kigingi

Swali kwa mleta uzi. Umeandika kama mtu aliyewahi kupatwa. Hiyo kanuni ya sehemu 12 uliisoma tu au ilikufika?

#6 Gurudumu la Nyuma

Ilinifika.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye ufukwe uliofungwa: nyuma jabali refu, mbele mlango wa kijito. Nilipanga kukivuka maji yakiwa yamekupwa, yakiwa ya magotini. Nikapata pancha mbili, moja baada ya nyingine, na kiraka cha kwanza hakikushika kwa sababu tyubu ilikuwa na chembe za mchanga. Nikafika kijitoni saa 2 na nusu baada ya maji kukupwa. Yalikuwa kiunoni na yanaingia kwa kasi kuelekea bara. Nikageuka nirudi nilikotoka, na kule nako maji yalikuwa yameshagusa jabali.

Niliibeba mikoba kwanza, kisha baiskeli, nikapanda kwenye mawe kimo cha kama mita 4, nikakaa hapo. Muda wa saa 6 na zaidi. Maji hayakunifikia, lakini kila wimbi lilipopiga chini yangu nilikuwa nahesabu mawe yaliyobaki juu ya kichwa. Nilikuwa na chupa moja ya maji. Nilimfikiria mama yangu sana.

Tangu siku hiyo nina sheria moja. Naandika kwenye karatasi saa ya kugeuka nyuma, naibandika kwenye usukani. Saa ikifika na sijafika mahali nilipopanga, nageuka, hata kama mwisho naona kwa macho. Na mtu mmoja nyumbani ana nakala ya karatasi hiyo.

#7 Dada Pedali

Pole sana kaka. Hiyo karatasi nitaifanya.

#8 Mlinzi wa Kasa

Naomba niingie kwenye suala la kambi, maana hakuna aliyeligusa na linaniuma.

Ule ukanda wa juu ya mstari wa mwani, mchanga mkavu karibu na majani, ndipo kasa anapopanda kutaga. Mayai yanakaa chini ya mchanga kama miezi 2. Hapo juu huoni kitu. Unapiga hema, unachimba mashimo manne ya mifuko, na huenda uko juu ya kiota. Kwa hiyo kama ufukwe unajulikana kuwa na kasa, msimu wa kutaga na kuangua usilale pale kabisa. Sogea nyuma ya majani, uliza wenyeji au wahifadhi wa eneo.

La pili ni taa. Vifaranga hutoka usiku na hufuata upande wenye mwanga zaidi. Kwenye ufukwe wa giza upande huo ni bahari. Taa yako ya kichwani au ya hema inawavuta kuelekea nchi kavu, wanazunguka mpaka wanakauka jua likitoka. Taa nyekundu hafifu ina madhara madogo kuliko nyeupe, na kuzima kabisa ni bora zaidi.

La tatu ni tairi. Kwetu alama ya tairi kwenye mchanga laini ni mstari tu. Kwa kifaranga cha urefu wa kidole ni mtaro. Anaingia, hawezi kupanda ukingo, anafuata mtaro badala ya kufuata maji. Pita chini, kwenye mchanga ambao maji yatakuja kuufuta. Na mashimo yako ya kamba, mleta uzi, asubuhi yafukie na usawazishe, maana kasa mama naye hukwama mashimoni. Nimemnasua mmoja alfajiri kwenye shimo lililoachwa wazi. Alikuwa amechimba na mabawa yake mpaka yakawa na damu.

#9 Gurudumu la Nyuma

Mlinzi, nakushukuru kwa moyo wote. Mashimo nilifukia, lakini kwa sababu ya watu, sikuwa nimewaza kasa. Na taa nyeupe nilikuwa nayo jioni nzima nikipika. Hilo nalibadilisha. Nitatafuta ya mwanga mwekundu, na safari ijayo nitauliza kwanza kama ufukwe ni wa kasa kabla hata sijafungua ratiba ya maji.

#10 Kigingi

Na moto je? Mimi kwangu kambi bila moto si kambi. Magogo yaliyoletwa na bahari yamejaa, yamekauka, ni bure.

#11 Mkongwe wa Keria

Magogo ya bahari yamenywa chumvi. Yakiungua, moshi wake una sumu za klorini ambazo huzitaki kifuani wala kwenye chakula. Yaache yalale, yanashika mchanga usihame. Pika na jiko dogo la gesi, nje ya hema, maana ndani hewa ya sumu isiyo na harufu inaua mtu akiwa usingizini.

Na yeyote atakayewasha moto wa kuni halali, mahali panaporuhusiwa, asifukie makaa kwa mchanga. Mchanga unafunika moto kama blanketi, joto linabaki kwa saa nyingi, na asubuhi mtoto anakimbia peku juu yake. Mwaga maji, koroga, mwaga tena, shika kwa mkono.

Nikiwa hapa niongeze la uelekeo wa safari. Chagua upande unaokuweka karibu na bahari. Mnakoendesha kushoto, bahari iwe kushoto kwako. Mnakoendesha kulia, iwe kulia. Hutakatiza magari kila ukitaka kusimama, na macho yako yana kitu cha kutazama zaidi ya ubavu wa lori. Waendeshaji wa pwani ya Pasifiki ya Marekani, Washington hadi California, wengi husafiri kutoka kaskazini kuelekea kusini kwa sababu hiyo, na kwa sababu upepo wa kiangazi kule huvuma zaidi kutoka kaskazini magharibi, unawasukuma mgongoni. Upepo ukipingana na upande wa bahari, mimi nachagua upepo.

#12 Kigingi

Nimekuelewa mkongwe. Jiko la gesi basi. Swali la mwisho: mlango wa hema unaelekezwa wapi? Nilielekeza baharini nipate hewa, mchanga ukaingia mpaka kwenye mfuko wa kulalia.

#13 Gurudumu la Nyuma

Jioni upepo unatoka baharini, usiku unageuka unatoka bara. Kwa hiyo ubavu mwembamba wa hema uelekee bahari, mlango uwe pembeni, na matundu ya hewa ya pande zote mbili yabaki wazi. Ukiyafunga kwa kuogopa mchanga, pumzi yako itagandia juu ya kitambaa na alfajiri utaamka umelowa kama umenyeshewa.

#14 Dada Pedali

Jamani, nimerudi.

Nimekwenda Jumamosi, mimi na mdogo wangu wa kike. Kilomita 38. Baiskeli hatukuzishusha mchangani hata hatua moja, tulifuata barabara ya juu, bahari upande wetu. Karatasi ya saa niliibandika usukanini na nakala nikamwachia baba. Tuliondoka saa 11 na nusu alfajiri, na saa 4 asubuhi tulikuwa tumefika. Upepo ulipoanza sisi tulikuwa tumekaa kivulini tunautazama unavyoyanyanyua mawimbi.

Tulilala kwenye kambi iliyo nyuma ya majani, mbali na ufukwe. Taa tulizima saa 2 usiku. Mdogo wangu aliniambia hajawahi kusikia kimya chenye sauti namna ile. Saa 9 usiku tulitoka, tukashuka mpaka kwenye mstari wa mwani, wa chini na wa juu, tukauona kwa mwanga wa mwezi kama kaka alivyoandika. Maji yalikuwa mbali kabisa na ufukwe uling'aa. Tulikaa pale mpaka baridi ikaturudisha.

Baiskeli nimeziosha jana ile ile, zote mbili. Nguzo ya kiti nilipaka grisi kabla. Tatizo ni moja: zipu ya hema imekuwa ngumu, inakwama katikati na nahisi chembe za mchanga. Nitie mafuta ya mnyororo?

#15 Mkongwe wa Keria

Hongera sana binti, wewe na mdogo wako.

Mafuta usitie, yatashika mchanga zaidi na meno yatasagika. Chovya zipu kwenye maji ya uvuguvugu, sugua meno kwa mswaki wa zamani, pande zote mbili, suuza mpaka usisikie chembe. Iache ikauke kivulini ikiwa wazi. Kisha chukua mshumaa mkavu, pitisha juu ya meno mara mbili tatu, fungua na kufunga taratibu. Na hema lote lisuuze kwa maji baridi kabla hujalikunja, usilirudishe kwenye mfuko likiwa na unyevu.